Kompyuta inajuaje ina nini tumboni? Maswali ya wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: kifaa kimechomekwa, kiko pale pale, lakini mfumo endeshi haukioni. Tumechagua saba. Majawabu tumeyaandika kwa Linux, maana ndiyo inayomuachia mtu asome kila hatua kwa macho yake.

Assalaam alaykum. Nasoma kompyuta hapa Chake Chake. Nikiwasha mashine yenye Linux, maandishi yanapita mbio, na mwalimu anatwambia kerneli "inatambua vifaa". Inatambua vipi? Imehifadhi orodha ya vifaa vyote vya dunia?
*Mwanafunzi, Chake Chake*

Waalaykum salaam. Orodha ipo, lakini si ya kutafutia. Vifaa hujitaja vyenyewe kwanza, ndipo orodha ifunguliwe. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo ya barua za leo utayatatua mwenyewe.

Kabla kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haijaanza, famuwea ya mazabodi, ile programu ya mwanzo iitwayo BIOS au UEFI, imeshafanya kazi kubwa. RAM imeshahesabiwa: kila kijiti kina chipu ndogo inayoeleza ukubwa na kasi yake, na famuwea ndiyo inayoisoma. Kerneli inakabidhiwa ramani tu: kutoka anwani hii hadi hii ni RAM ya kutumia, kutoka hapa hadi pale usiguse. Ndiyo ile mistari ya juu kabisa ya logi yenye neno BIOS-e820. Inakabidhiwa pia majedwali ya ACPI, yanayosema prosesa ina kora ngapi na lango la kuvifikia vifaa vya PCI, yaani njia ya ndani ya mazabodi inayounganisha kadi, liko anwani gani.

Hapo ndipo kerneli inapoanza kupiga hodi. Kila mahali kwenye PCI pana anwani ya sehemu tatu: nambari ya njia 0 hadi 255, nambari ya kifaa 0 hadi 31, na nambari ya kazi 0 hadi 7. Zidisha uone: ni milango 65,536. Haigongi yote. Inaanza njia ya 0, na ikikuta daraja ndipo inapoipa njia ya upande wa pili nambari yake na kuingia huko. Mlango wa kazi 0 ukiwa hauna mtu, milango saba iliyobaki ya kifaa hicho inarukwa.

Hodi yenyewe ni kusoma baiti mbili za mwanzo. Hizo ni nambari ya mtengenezaji, kwa hesabu ya heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9, kisha a hadi f): 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 1022 ni AMD, 10de ni NVIDIA. Pasipokuwa na kifaa, kinachorudi ni ffff, nambari ambayo hapewi mtengenezaji yeyote, basi kerneli inajua hapo hapana mtu. Akipatikana mtu, inasoma nambari ya kifaa na aina yake: 01 ni uhifadhi, 02 ni mtandao, 03 ni kioo.

Halafu lazima ijue kifaa kinahitaji nafasi ya anwani kiasi gani, na hapa pana ufundi mzuri sana. Kerneli inaandika 1 katika biti zote za rejista ya anwani ya kifaa, kisha inaisoma tena. Zile biti zilizokataa kubadilika, zikabaki 0, ndizo zinazosema ukubwa. Ukiziweka kando biti 4 za mwisho ambazo ni alama, ikirudi fffff000 maana yake ni baiti 4,096. Kifaa hakina pahala popote kilipoandika "nahitaji 4,096". Kimelisema kwa biti zake.

Sasa ndio inakuja orodha. Kila draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa, imebeba nambari za vifaa inavyovijua. Andika `modinfo r8169` uone mistari ya alias: kila mmoja ni kifaa inachokikubali draiva hiyo ya kadi za mtandao za Realtek. Kerneli inatangaza nambari za kifaa ilichokikuta, programu iitwayo udev inalisikia tangazo, moduli inayolingana (faili lenye draiva) inapakiwa, na draiva inapewa kifaa ikijaribu.

Amri ya kuona haya yote ni `lspci -nnk`. Kila kifaa kina anwani mwanzo wa mstari, mfano 03:00.0, nambari mbili mwishoni, mfano 10ec:8168, na chini yake mstari wa "Kernel driver in use". Usomaji wake ndio kipimo cha fundi. Kifaa kisipokuwemo kabisa, hodi haikujibiwa: tafuta ubovu katika slot, umeme, au BIOS iliyokizima. Kikiwemo lakini mstari wa draiva haupo, kimejitaja ila hakuna draiva iliyomjua. Kikiwa na draiva na bado hakifanyi kazi, hamia kwenye `sudo dmesg`, logi ya kerneli, utafute jina la draiva hiyo. Watu wengi wanasakinisha upya mfumo mzima kwa tatizo la aina ya kwanza, na haliwezi kuondoka kwa njia hiyo.

Tuna studio ndogo Ng'ambo, tunarekodi taarab. Kadi yetu ya sauti ya USB siku nyengine inaonekana, siku nyengine hata taa haituonyeshi kitu cha maana. Kwenye dmesg tunakuta "device descriptor read/64, error -71" halafu "device not accepting address 7". Tushabadilisha draiva mara mbili.
*Fundi wa sauti, Unguja Mjini*

Draiva iacheni, haijafika zamu yake. Hiyo -71 inatokea kabla kerneli haijajua hata kilichochomekwa ni kitu gani.

Kwenye USB mambo yanageuka: kifaa ndicho kinachopiga hodi. Ndani yake mna rezista ya kilo-omu 1.5 inayovuta juu waya mmoja kati ya miwili ya data. Tundu likiuona waya umepanda, linangoja kiasi cha milisekunde 100 mchomeko utulie, linakipa kifaa riseti, kisha kerneli inakizungumza kwa anwani 0, anwani ya mgeni asiyekuwa na jina bado. Inaomba maelezo yake, ambayo kwa ukamilifu ni baiti 18. Mara ya kwanza Linux huomba baiti 64 ili ijue kifaa kinapokea pakiti ya ukubwa gani, ndiyo hiyo "read/64" mnayoiona. Kisha inakipa anwani baina ya 1 na 127, na kuyasoma maelezo kwa utulivu. Mpaka hapo draiva ya sauti haijaitwa.

Kosa -71 maana yake mazungumzo yameharibika njiani: jawabu limekuja bovu au halikuja kwa wakati wake. Mngeona -110, kerneli ingekuwa imengoja jawabu mpaka muda wake ukaisha. Jawabu lililoharibika, linalokuja siku moja na kukosekana siku ya pili, kwa kawaida ni waya, mgusano au umeme. Fuateni mpangilio huu.

Toeni habu na waya za kuongezea, chomekeni moja kwa moja kwenye tundu la nyuma, lililo juu ya mazabodi yenyewe. Matundu ya mbele yanapitia waya mwembamba wa ndani, na ndio wa kwanza kuchoka. Tumieni waya mfupi, usiozidi mita 2, na uwe mwengine, si ule ule. Kisha angalieni umeme: tundu la USB 2.0 linapaswa kutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900, na kadi ya sauti inayolisha maikrofoni za kondensa kwa volti 48 inakula kiasi kikubwa cha fungu hilo. Ikiwa inachukua adapta yake, ipeni. Tundu likizidiwa, dmesg hutaja "over-current".

Baada ya hapo chukueni tochi na mwangalie ndani ya tundu na kichwa cha waya. Hapa kwetu upepo wa bahari unaingia madirishani na chumvi yake, na studio ikiwa haina kiyoyozi cha mfululizo, unyevu unakaa juu ya vigusio. Dalili ni ukungu wa kijani au weupe mkavu kama unga juu ya vile vibapa vinne vya dhahabu. Zimeni mashine, chovyeni brashi laini ya meno katika spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, suguweni taratibu, ngojeni dakika 10 ikauke. Msitumie mafuta ya kulainishia bawaba. Yanabakisha utando unaokamata vumbi. Dhahabu ikiwa imeshaliwa mpaka shaba inaonekana, usafi hautasaidia, badilisheni tundu au waya.

Kipimo cha mwisho ni `lsusb -t`. Angalieni kasi mwisho wa mstari. Vifaa vya USB 2.0 vya kasi kubwa vyote huanza mazungumzo kwa megabiti 12 na kupanda hadi 480 wakati wa riseti. Kadi inayotakiwa iwe 480M ikionekana 12M, ujue kupanda kumeshindikana na waya bado haujapona, hata kama leo sauti inatoka.

Kompyuta ya ofisini kwetu Wete ilikaa wiki tatu bila ya kuwashwa. Sasa Ubuntu haiwaki, inasimama kwenye (initramfs) ikisema UUID (kitambulisho) ya diski haipo. Fundi kasema diski imekufa, ninunue nyengine. Saa ya mashine inaonesha mwaka 2018.
*Karani, Wete*

Usinunue bado. Mwaka 2018 ndio ufunguo wa kesi yako.

Betri ya duara iliyo juu ya mazabodi, CR2032 ya volti 3, imekwisha. Ilipokwisha, saa ilirudi nyuma, na mipangilio ya BIOS ikarudi ilivyotoka kiwandani. Kwenye mashine nyingi za ofisi mpangilio wa kiwandani wa diski ni RAID (wa kuunganisha diski pamoja), na Linux yako ilikuwa imesakinishwa kwa AHCI (kila diski peke yake). Katika hali hiyo ya RAID ya Intel, diski ya NVMe, aina ya kasi inayokaa kwenye PCI, inafichwa nyuma ya kidhibiti cha SATA: hodi inapigwa, anayejibu ni kidhibiti, diski yenyewe haisikiki.

Hapo hapo kwenye (initramfs) andika `dmesg | grep -i remapped`. Ukikuta mstari wa ahci unaosema imekuta "remapped NVMe devices" na kushauri uhamishe BIOS kutoka RAID kwenda AHCI, kesi imekwisha. Zima, chomoa waya wa umeme, badilisha betri upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Ukiwa na mita, betri ya zamani ikisoma chini ya volti 2.8, ilikuwa haina kazi. Ingia BIOS, sahihisha tarehe, weka AHCI, hifadhi. Usisakinishe upya chochote. Data yako iko salama ilipokuwa.

Tahadhari mbili. Kama mashine ina diski mbili zilizounganishwa kwa RAID kwa makusudi, au ina Windows iliyosakinishwa katika hali ya RAID, usibadilishe ovyo: Windows itakurudishia skrini ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Na kama BIOS yenyewe haiioni diski katika orodha yake, hapo ndipo maneno ya fundi yanapoanza kuwa na uzito. Chomoa diski, safisha vigusio, irudishe, kisha ijaribu kwenye mashine nyengine.

Kosa hilo hilo la UUID huwapata pia wanaohamisha diski kutoka mashine moja kwenda nyengine. Kerneli inaanza na kifurushi kidogo cha moduli, initramfs, na kama katika `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf` pameandikwa MODULES=dep, kifurushi kina draiva za mashine ya zamani tu. Kabla ya kuihamisha, weka MODULES=most na uandike `sudo update-initramfs -u -k all`.

Nimeongeza RAM ya GB 4 juu ya ile ya GB 4. Linux inaonesha 3.7. Kerneli gani nitumie ili izione zote?
*Msomaji, Mkoani*

Kama kerneli yako ni ya biti 64, hakuna nyengine itakayokupa. Kama tulivyomueleza msomaji wa Chake Chake, RAM huhesabiwa na famuwea, na BIOS ikiwa haijakiona kijiti, kerneli haina habari nacho. `sudo dmidecode -t memory` itakuonesha slot ipi inasemwa haina kitu. Futa vigusio vya kijiti kwa raba nyeupe ya penseli, pangusa, kibonyeze mpaka vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Kisha kijaribu peke yake katika kila slot, ujue ubovu ni wa kijiti au wa slot. Ukishapata 8, utaona 7.6 hivi; kilichopungua kimechukuliwa na kioo cha ndani na famuwea.

Tunapima kina cha tangi la maji Makunduchi kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Umeme ukikatika na intaneti ikiwa haipo, saa inakuwa ya uongo na rikodi zinaharibika. Tumenunua kibao cha saa cha DS3231, tumekiunga, Pi haikioni. Kwani si kerneli inatambua vifaa yenyewe?
*Kamati ya maji, Unguja Kusini*

Inatambua pale penye mtu wa kujitaja. DS3231 inakaa kwenye waya wa I2C, na huko kifaa kikiitwa kwa anwani yake kinaitika "naam" tu, jina hakitaji. Anwani yake ni 68 kwa hesabu ya heksadesimali, na vipo vifaa vyengine vyenye 68 hiyo hiyo, wala si saa. Kerneli ikibahatisha, inaweza kumwandikia asiyekusudiwa. Kwa hivyo kwenye bodi kama Pi kerneli hupewa faili la maelezo, mti wa vifaa, linalosema: mahali fulani pana kitu fulani. Kisichoandikwa humo, hakipo.

Kwanza nyaya. Umeme wa kibao uchukuliwe pini 1 ya volti 3.3, data pini 3, saa ya waya pini 5, na hasi pini 6. Msitumie volti 5: kibao huzivuta nyaya za data kwenda kwenye volti ya umeme wake, na pini za Pi hazistahamili 5. Tena vibao vingi vya bei nafuu vina sakiti ya kuchaji betri, na CR2032 ya kawaida haichajiwi. Kwa volti 5 inaweza kuvimba.

Kisha washeni I2C kwa `sudo raspi-config`, sehemu ya interfaces, muanze upya, na muandike `sudo i2cdetect -y 1`. Mnatakiwa muone 68 kwenye jedwali. Mkiona na 57, msishangae, ni kumbukumbu ndogo iliyomo katika vibao vingi vya aina hii. Jedwali likiwa tupu, nyaya za pini 3 na 5 pengine zimepishana.

68 ikishaonekana, fungueni `/boot/firmware/config.txt`, ambayo kwenye matoleo ya zamani ni `/boot/config.txt`, muongeze mstari mmoja:

`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Baada ya kuanza upya, mahali pa 68 patakuwa na UU. Herufi hizo ni njema, zinasema draiva imeshakichukua kifaa. Pi ikiwa na intaneti na saa sahihi, andikeni `sudo hwclock -w` mara moja, muhakikishe kwa `sudo hwclock -r`. Ondoeni na kifurushi cha fake-hwclock kama kipo, maana kazi yake ni kurudisha saa iliyohifadhiwa kabla ya kuzima, nayo ndiyo inayowachanganya. Kisha chomoeni umeme na intaneti kwa saa nzima, muwashe, mpime kwa saa ya mkononi.

Laptopu yangu inaionyesha kadi ya Wi-Fi kwenye lspci na draiva iwlwifi ipo, lakini hakuna Wi-Fi. Dmesg inasema "Direct firmware load for ... failed with error -2".
*Msomaji, Paje*

Kosa -2 ni faili halipo. Kadi nyingi za Wi-Fi huamka bila ya programu yao ya ndani. Draiva ndiyo inayoichukua kutoka `/lib/firmware` na kuipakia kila zinapowashwa. Kwenye Ubuntu sakinisha linux-firmware, kwenye Debian firmware-iwlwifi. Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo iliyoanza kuyatia mafaili haya ndani ya diski ya kawaida ya kusakinishia, kwa hivyo pengine unatumia ya zamani. Kuhusu intaneti ya kuyapakua: chomeka simu ya Android kwa waya, washa USB tethering, nayo itajitaja kwa kerneli kama kadi ya mtandao.

Nina maswali mawili. Nimechomeka kadi ya pili kwenye seva ya duka letu Mlandege, na mtandao wa kadi ya mwanzo umekufa. Na kila nikiiwasha bila ya diski ya nje ya picha, inanigandisha dakika moja na nusu halafu inaomba paswedi ya root.
*Mwenye duka la picha, Unguja Mjini*

La kwanza: nambari za njia za PCI hutolewa kwa zamu wakati wa kuhesabu. Kadi mpya ikikaa nyuma ya daraja linalotangulia, ile iliyokuwa 03:00.0 inasogea kuwa 04:00.0, na jina lake linatoka enp3s0 kuwa enp4s0. Faili lako la netplan, lenye mipangilio ya mtandao, bado linamwita enp3s0. Tumia `match` na `macaddress` ya kadi badala ya jina. Anwani hiyo haisogei.

La pili ni `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka. Sekunde 90 ni muda wa kawaida ambao systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, humngojea kifaa aliyeahidiwa kuwa atakuwepo, na asipotokea inaifungia mashine katika hali ya dharura. Na kama umeandika `/dev/sdb1`, ubadilishe leo, maana herufi hizo hutolewa kwa aliyewahi kujibu, na siku diski mbili zikipishana utanakili picha juu ya kitu chengine. Pata kitambulisho kwa `sudo blkid`, ukiandike hivi ikiwa diski ni ya ext4:

`UUID=kitambulisho /srv/picha ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2`

Kabla ya kuzima mashine andika `sudo findmnt --verify`, kisha `sudo mount -a`. Ikilalamika, sahihisha hapo hapo ukiwa bado umeingia ndani.